Fungu la Tisa

Zipo namba zinazokubali kugawanywa na kila anayebisha hodi, na zipo namba zenye roho mbaya. Elfu kumi na sita, mia sita arobaini na moja ni ya kundi la pili. Zuleica, aliyekuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari huko Mocímboa da Praia kabla ya vita kumtoa, aliijua roho ya namba hiyo tangu Alhamisi ya kwanza, mama mkwe wake alipowakalisha wanawake chumbani kwake, kijijini Olumbi, akafunga dirisha na kusukuma komeo la mlango.

Namba yenyewe ni ya dua. Mtu akibanwa na jambo lisilo na pa kutokea, husomewa Ya Latifu, jina la Mungu Mpole, mara zote hizo. Mwalimu Abacar wa msikitini ndiye aliyemweleza inakotoka: kila herufi ina thamani yake, lamu thelathini, twa tisa, ya kumi, fa themanini. Jumlisha, utapata mia moja ishirini na tisa. Kisha izidishe hiyo kwa yenyewe.

“Kumbe ni mraba!” Zuleica alisema, akatabasamu, kwa sababu mwalimu wa hesabu ni mwalimu wa hesabu hata akiwa kifungoni. Akaendelea kuipasua kichwani. Mia moja ishirini na tisa ni tatu mara arobaini na tatu, na zote mbili ni namba tasa, hazivunjiki tena. Basi namba kubwa ile haigawiwi sawasawa ila kwa watu watatu, au tisa, au arobaini na watatu, na hesabu chache kubwa zaidi. Sita wakigawana inabaki tatu, saba inabaki mbili. Wengine ndio kichekesho: wawili wakigawana inabaki moja, wanne inabaki moja, watano, wanane, kumi, inabaki moja tu, ileile, kama mgeni asiyejua kuaga.

Mama Nazira, mama mkwe, alitaka waalikwe kumi ili jirani naye apate thawabu. Zuleica akamwambia haiwezekani, itabaki moja, na hiyo moja ataisoma nani? Wakawa tisa, na kila mmoja akapata fungu la elfu moja mia nane arobaini na tisa, ambazo nazo ni arobaini na tatu mara arobaini na tatu. Mama Nazira alizisikiliza hesabu hizo kwa makini kuliko kawaida yake.

Jambo lenyewe lililowabana lilikuwa Dauto. Ni mtoto wa Mama Nazira na mume wa Zuleica, na alipotea mwaka ule vita ilipofika Palma. Walikuwa wanakimbia pamoja porini, Dauto akasema anarudi kumchukua shangazi yake aliyechoka nyuma, na tangu hapo si yeye wala shangazi aliyeonekana. Ikapita miaka minne. Waliulizwa watu wa Diaca, wakaulizwa wa Mueda na wa kambi za wakimbizi, hakuna aliyemwona akiwa hai, hakuna aliyemwona akiwa maiti. Na mke wa mtu aliyepotea, jamani, yasikieni tu kwa watu. Si mke, si mjane. Haolewi, hafariji wala hafarijiwi, hasafiri bila kuulizwa anakwenda wapi na mumewe akirudi leo aambiwe nini. Kuku aliyefungwa kamba mguuni huona uwanja wote, lakini kamba ndiyo inayomwambia aishie wapi.

Zuleica alitaka kitu kimoja tu: kurudi darasani. Shule ilikuwa imefunguliwa tena na diretor, mkuu wa shule, alimpigia simu. “Professora,” alisema, “mwanzo wa Februari ukiwepo, darasa ni lako. Usipokuwepo, naweka mwingine.” Baba yake Zuleica alikuwa Mocímboa na alikuwa tayari kumpokea, ila ampokee mjane aliyemaliza eda yake, asije akapokea mke wa watu aliyetoroka nyumba. Mwalimu Abacar naye alikwisha kusema kwamba miaka minne na maulizo yote yale yamemtosha, yuko tayari kuhukumu kuwa Dauto amefariki. Mama Nazira ndiye aliyeomba jambo moja. Isomwe Latifu kwanza, itimie, na kama Mungu hakumrudisha mwanangu hadi Ijumaa ya kesho yake, basi fanyeni mnavyotaka. Nani angemnyima mama mzazi ombi kama hilo? Wote walikubali, na Zuleica mwenyewe alikuwa wa kwanza.

Sasa piga hesabu. Eda ya kufiwa ni miezi minne ya mwezi mwandamo na siku kumi. Ikianza Septemba, itamalizika kabla ya kengele ya Februari. Ikichelewa kuvuka Septemba, imekula kwake. Hii ndiyo aibu aliyoibeba Zuleica peke yake, asiweze kumwambia mtu: alikuwa anampangia mumewe tarehe ya kufa ili isigongane na kalenda ya shule. Na alimpenda Dauto, tena sana. Alimpenda na alitaka afe mwezi huo.

Utauliza, kwa nini asiondoke tu? Barabara kuu ipo, magari yanapita. Lakini kule porini mimba ya Zuleica ilitoka, na Mama Nazira, kwa umri ule, alichimba ardhi kwa mfuniko wa sufuria, akamzika yule kiumbe, akamsomea, kisha akambeba mkwewe mgongoni hadi walipopata maji. Mtu aliyekuzikia mtoto wako kwa mikono yake humtoroki. Unakaa, unamwamkia, na unasubiri akufungulie mwenyewe.

Basi wakasoma. Kila mwanamke alikuwa na mbegu arobaini na tatu za ukwaju mapajani za kuhesabia, na nyingine arobaini na tatu katika kifuko. Ukimaliza duru moja ya mapajani, unatoa mbegu moja kifukoni, unaitia katika sinia la katikati. Kifuko kikiwa kitupu, fungu lako limekwisha. Kwa desturi ya nyumba ile wasomaji hufumba macho, na hakuna anayenyanyuka hata kama mguu umekufa ganzi. Bati lilikuwa linawaka juu, jasho linawatiririka, na sauti tisa zinavuma pamoja hadi chumba kikawa kama kimepungua ukubwa. Mwishoni Nádia, dada yake Dauto, akahesabu mbegu za siniani. Zilitakiwa mia tatu themanini na saba.

“Mia tatu arobaini na nne,” alisema Nádia. Akarudia kuhesabu, zikawa zilezile.

“Haikutimia,” alisema Mama Nazira. “Mwenye kusinzia anajijua. Tutakutana Alhamisi ijayo.”

Alhamisi ya pili wakasoma tena, zikapungua tena, na safari hii midomo ikaanza kazi yake. Mmoja alisema huenda kuna mtu ambaye moyo wake haumo. Mwingine akasema mwenye moyo nusu huharibu dua ya wenzake. Hawakutaja jina, lakini macho yalikuwa yanamtazama Zuleica.

“Semeni tu,” Nádia alisema. “Wifi yangu mwili uko hapa, kichwa kiko shikola Mocímboa, kinafundisha. Hataki kaka arudi.”

Zuleica alijua nusu ya maneno hayo ni kweli. Alimtazama Mama Nazira akitarajia amtetee, maana siku zote alikuwa ndiye mtetezi wake. Mama Nazira alikuwa anakunja mkeka.

Lakini kichwa chake hakikulala. Watu wakisinzia, hukosea ovyo. Leo zingepungua saba, kesho zingezidi tatu. Hizi zilipungua arobaini na tatu Alhamisi ya kwanza na arobaini na tatu Alhamisi ya pili, fungu zima, bila kuzidi wala kupungua. Makosa hayana nidhamu namna hiyo. Kwa hiyo Jumatano iliyofuata aliomba avijaze vifuko yeye mwenyewe, akahesabu kila kimoja mara mbili. Alhamisi wakasoma, na Nádia akatangaza mia tatu arobaini na nne. Watu walipokwenda kula, Zuleica alikusanya vifuko vyote tisa na kuvigeuza ndani nje. Vyote vilikuwa vitupu.

Akaketi juu ya mkeka na kuufikiria ushahidi wake. Mbegu zimetoka vifukoni na hazikufika siniani. Basi kuna mwanamke mmoja kati ya tisa anayezitoa na kuzificha mwilini mwake. Kuna mtu hataki itimie. Moyo ukamwambia mara moja: Nádia. Nani mwingine? Ndiye anayehesabu, ndiye mwenye ulimi, na ndiye aliyeapa kuwa mke wa kaka yake hatoki katika nyumba ile mpaka kaka yake amtoe. Zuleica alimchukia kwa wiki nzima, akamchukia alipokuwa anatwanga na alipokuwa anacheka na watoto wake. Chuki ilimpa nguvu ya kungoja.

Alhamisi ya nne ilikuwa ya mwisho ya Septemba. Zuleica alikaa mkabala na Nádia, akafumba macho kama wenzake, kisha akayafumbua kidogo, kiasi cha kuona mikono. Alisoma huku anatazama. Nádia alimaliza duru, akatoa mbegu, akaitia siniani, ikalia ti. Duru ya pili, ti. Ya tatu, ya nne, ya kumi, hakukosa hata moja, na machozi yalikuwa yanamtoka chini ya kope zilizofumbwa. Alikuwa anamwombea kaka yake kwa moyo wake wote. Zuleica akaona haya.

Ndipo alipouona mkono mwingine ukienda siniani bila sauti. Ulitoka upande wa kichwa cha mkeka, ukaning'inia juu ya sinia, vidole vikafunguka, hapakuanguka kitu. Ukarudi, ukapita katika mkunjo wa kapulana, kitambaa kilichofungwa kiunoni, ukabaki hapo kidogo. Zuleica alifumbua macho yote mawili. Mama Nazira alikuwa anasoma kwa utulivu, midomo inatembea, mkono unakwenda na kurudi mtupu. Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema watu, na Zuleica alimaliza fungu lake bila kujua anamalizaje.

“Mia tatu arobaini na nne,” alisema Nádia. Akamgeukia Zuleica. “Wifi, tumekukosea nini? Si useme! Tukupigie magoti?”

Wanawake wote wakamtazama. Hapo ilikuwa rahisi kabisa. Neno moja tu, kidole kimoja tu kuelekezwa kwenye mkunjo ule wa kapulana, na yeye angesafishika mbele ya watu wote. Zuleica alimtazama mama mkwe wake, na mama mkwe akatazama chini, akamwacha aendelee kusemwa. Hilo lilimchoma kuliko maneno yote ya Nádia. Hata hivyo mdomo ulikataa kufunguka, kwa sababu aliiona tena ile mikono ikichimba kwa mfuniko wa sufuria.

“Nendeni mkale,” alisema. “Wali unapoa.”

Wakatoka wakinung'unika kwenda uani, kwenye wali wa nazi na mchuzi wa pweza. Mama Nazira alishika ukuta ili ajinyanyue awafuate. Zuleica akauwahi mlango, akasukuma komeo.

“Mama, msisimame,” alisema. Kwa heshima ya pale mkubwa huambiwa hivyo, kana kwamba ni wengi, hata mtu akiwa na hasira naye.

“Kwa nini nisisimame?”

“Zitaanguka.”

Mama Nazira alibaki na mkono ukutani. Kisha akaketi polepole, akaufungua mkunjo wa kapulana, na mbegu za ukwaju zikaonekana zikiwa zimelowa jasho.

“Tangu Alhamisi ya kwanza?” aliuliza Zuleica.

“Tangu ya kwanza.”

“Mkaniacha nitukanwe na watu.”

“Nilikuacha.” Hakutafuta udhuru. “Nilikuwa nakuombea msamaha moyoni kila waliposema. Haikusaidii kitu, najua.”

“Basi kumbe fungu lenu halikusomwa hata siku moja. Wanawake wanane wamekauka koo kwa wiki nne, bure!”

“Wee mtoto!” Mama Nazira aliinua kichwa, na kwa mara ya kwanza alikuwa na ukali. “Nimwibie Mungu, mimi? Nimelisoma fungu langu lote, kila Alhamisi, sikuruka hata moja. Mbegu tu ndizo sikuzitia.”

Ilimchukua Zuleica muda kuelewa, yeye mwenye kuelewa haraka. Maneno yalisomwa yote. Sinia ndilo lililodanganya.

“Basi ilitimia,” alisema.

“Ilitimia Alhamisi ile ya kwanza. Ijumaa yake nilikaa mlangoni mchana kutwa. Uliniona, ukadhani napepeta mchele. Kila aliyepita barabarani nilimtazama miguu kwanza, si unajua mwenzio anavyoburuta kisigino? Jua likazama. Hakuja.” Alizikusanya mbegu katika kiganja. “Hapo nilijua. Lakini mbegu zilikuwa pungufu, na zikiwa pungufu mtu anaweza kusema bado. Wewe mwenyewe ulinifundisha, wakisoma wanane inabaki moja. Nikasema, kama ipo inayobaki, basi na mwanangu yumo humo. Hiyo bado ndiyo niliyokuwa nakula, mkaza mwanangu. Sikuwa na chakula kingine.”

“Na mimi, Mama? Bado yenu ndiyo komeo langu.”

“Najua. Nádia ana mumewe na wanawe. Ukitoka wewe, nitakaa na nani humu anayejua Dauto alivyokuwa anacheka? Nilikuwa nawashika wawili kwa ngumi moja. Mmoja nilijua ameshatoka.”

Hasira ya Zuleica ilikuwa palepale, haikupungua, ila ilikuwa imechanganyika na huruma, na hakuna kinachoudhi kama kumhurumia mtu unayetaka kumkasirikia. Alitaka kupiga kelele. Alitaka kulaza kichwa katika mapaja yale yale yaliyomfunga. Alichofanya ni kulivuta sinia mpaka mbele ya magoti ya mama mkwe wake.

“Zitieni,” alisema.

“Hesabu wewe. Mimi sitaweza kuhesabu.”

Mbegu ya kwanza ikalia siniani. “Mia tatu arobaini na tano,” alisema Zuleica. Ya pili. “Mia tatu arobaini na sita.” Mama Nazira alikuwa anaitazama kila moja kabla ya kuiacha. Uani wanawake walikuwa wanagongana vijiko, mtoto wa Nádia analilia pweza. Walipofika mia tatu sabini sauti ya Zuleica ilianza kukwaruza, lakini hakusita, maana ukisita katika hesabu utapotea. Mia tatu themanini na tano. Themanini na sita. Mama Nazira alifungua kiganja kizima, na ya mwisho ikaanguka yenyewe.

“Mia tatu themanini na saba.”

Haikubaki hata moja. Namba ilikuwa imekaa sawasawa kama ilivyoandikiwa, na Zuleica akaona siku zake zote zikijipanga: Septemba, Oktoba, Novemba, Desemba, Januari, kisha mlango wa darasa. Alikuwa amepata alichokitaka, na alikipata kwa tarehe aliyoitaka.

Mama Nazira alijishika ukutani, akasimama. Alisukuma komeo, akafungua mlango, na mwanga wa mchana ukaingia chumbani kote. Alisimama kizingitini akiwaelekea wanawake, mgongo wake umenyooka.

“Acheni kula kwanza,” alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. “Latifu imetimia, mbegu nilizificha mimi, huyu mtoto hana kosa. Mwanangu Dauto amekufa. Aitwe Mwalimu Abacar, nanyi njooni mumtie mwenzenu eda.”

Katika miaka minne hakuna aliyelitamka neno lile katika nyumba ile. Zuleica ndiye aliyelihitaji, ndiye aliyelipigia hesabu mpaka siku yake, na sasa liliposemwa lilimpiga kifuani. Dauto. Kisigino chake, cheko lake, shati lake la mistari alilorudi nalo porini. Aliinama juu ya sinia, akazikumbatia mbegu kwa mikono miwili, akazimwaga zote mkekani.

“Ngojeni!” alisema. “Ngojeni kwanza, tuhesabu tena.”

Lakini wanawake walikuwa wameshaingia, na Nádia, akilia, alikuwa wa kwanza kumshika mkono.